Wikendi ya kambi ya skauti, mzazi na mtoto: mwongozo kamili kwa wakaaji wa Lubumbashi

Mzazi wa Lubumbashi anayekwenda kambini na mtoto kwa mara ya kwanza huogopa nyoka. Kinachomkuta ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa huku kwetu unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na ukiwa nje ya mji, mbali na kuta za matofali, baridi hiyo haina mzaha. Mtoto anayelia usiku wa Ijumaa akitaka kurudishwa nyumbani mara nyingi haogopi kitu. Mgongo wake umegusana na ardhi iliyopoa, soksi zake zina jasho la mchana, na hajui aseme nini ila "nataka kurudi".

Mwongozo huu ni wa mzazi, baba au mama, ambaye mtoto wake wa miaka kati ya 8 na 11 yuko kwa Akela (kiongozi wa skauti wadogo), na shefu (kiongozi wa kundi) ametangaza wikendi ya mzazi na mtoto kutoka Ijumaa alasiri mpaka Jumapili mchana. Mwenye mtoto mkubwa, aliyekwisha kuingia patruli, yaani kikundi cha skauti wakubwa, naye atachota humu, ila ajue kazi yake kambini itakuwa ndogo zaidi.

Kwanza mkubaliane kambi ni ya nani

Ni ya mtoto. Robert Baden-Powell alipowachukua wavulana wapatao 20 kwenda kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, aliwagawa katika vikundi vinne, kila kikundi na mvulana wake wa kukiongoza. Utaratibu huo ndio uliobaki mpaka leo: sizeni (kikundi cha watoto sita) kwa wadogo, patruli kwa wakubwa. Mzazi hayumo. Wikendi hii amealikwa tu, na mgeni mwenye adabu hamwondoi mwenyeji jikoni.

Gawaneni hivi: mzazi anashika maji, moto na usiku. Mtoto anashika begi lake, malazi yake, sahani yake, viatu vyake na zamu yake katika sizeni. Kusimamisha hema, kuokota kuni na kupika mnafanya pamoja. Kila kambi utamwona baba aliyepiga magoti akimfunga mtoto wa miaka tisa kamba za viatu huku wenzake wameshapanga mstari. Mtoto yule haoni raha, anaona aibu. Mwache afunge mwenyewe, hata fundo likiwa baya; likifunguka atalifunga tena.

Hatua ya 1: Zungumza na shefu, wiki tatu au nne kabla

Usiridhike na karatasi iliyoletwa na mtoto kutoka parokiani au shuleni. Nenda umwone shefu, umuulize ana kwa ana. Mahali ni wapi, na ni pa nani? Kiwanja kina mwenyewe: misheni, shamba la mtu, au kijiji chenye chifu wake. Ruhusa iwe ya maandishi, na serikali ya mtaa iwe na habari, maana kundi la watu wenye hema na moto usiku huuliziwa haraka. Beba kitambulisho chako pia.

Uliza maji yanatoka wapi. Uliza kituo cha afya kilicho karibu kiko wapi, na ni gari gani litakalolala kambini, si gari litakaloitwa kwa simu. Pikipiki inaweza kusaidia mchana. Usiku wa manane na mtoto mgonjwa, unataka gari.

Kisha uliza nani analala na nani. Jibu linalofaa ni moja: mtoto analala na mzazi wake, na mtu mzima yeyote, awe shefu au mzazi, hakai faraghani peke yake na mtoto asiye wake. Kwenda msituni, kwenda chooni, kutibu jeraha: watu wazima wawili, au mahali pa wazi. Shefu mzuri atakuambia hilo kabla hujamaliza swali. Akikasirika, una sababu ya kubaki nyumbani.

Na wewe una ya kumwambia. Pumu, kifafa, mzio, kukojoa kitandani: yote shefu ayajue, kwa faragha. Mtoto mwenye selimundu, SS kama tunavyosema hapa, mpitishe kwanza kwa daktari wake, kwa sababu baridi na kukaukiwa maji ni vitu viwili vinavyoamsha maumivu yake, na kambi ya mwezi wa saba ina vyote viwili. Anaweza kuja kwa siku ya Jumamosi tu na akafurahi kama wengine.

Hatua ya 2: Majira na mahali

Mvua zetu huanza kushika Novemba na kuachia Aprili. Katikati ya majira hayo usipeleke hema porini. Radi za Katanga si za kuchezea, na mti mrefu ulio peke yake ndio hupigwa. Oktoba ni joto na vumbi. Agosti na Septemba nyasi zimekauka kabisa na moto wa msituni unatembea. Kipindi kizuri ni Mei mpaka katikati ya Julai: anga safi, ardhi kavu, mbu wamepungua. Bei yake ni ile baridi.

Kuhusu mahali, makundi mengi ya mjini huenda upande wa Kafubu au Kipopo, au kwenye mashamba ya watu kando ya barabara ya Likasi. Barabara ya Kasumbalesa ina msongamano wa malori. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua upande mwingine. Epuka kabisa eneo lenye mashimo ya wachimbaji. Shimo la zamani lililofunikwa na nyasi halionekani mpaka mtu atumbukie, na watoto wanapocheza mchezo wa kujificha hawatazami chini.

Hatua ya 3: Laleni nje kwenye lupango lenu

Usiku mmoja, wikendi moja kabla. Simamisheni hema uani, laleni humo mpaka asubuhi, na mlango wa nyumba ubaki umefungwa. Humo ndimo mtajua kwamba kigingi kimoja kimepotea, zipu imekwama, tochi ya mtoto haina betri, na kwamba blanketi moja halitoshi. Kama hamna hema, turubai la meta nne kwa tatu na kamba kati ya miti miwili linatosha kwa majira ya kiangazi, ila chandarua mtakitundika ndani yake.

Hatua ya 4: Begi

Mtoto apange begi lake mwenyewe, wewe ukisoma orodha. Ukimpangia, kambini atakuuliza kila kitu kiko wapi. Uzito usizidi kilo nne au tano kwa mtoto wa kilo 25 hadi 30, na asiweze kusema halibebeki.

Nguo za mchana ni sare na fulari (skafu ya skauti), kofia, na suruali ndefu ya kutembelea nyasini. Nguo za usiku ndizo za kufikiria sana. Weka katika mfuko wa plastiki uliofungwa: suruali nzito, fulana mbili, sweta, soksi kavu na kofia ya sufi. Mfuko huo haufunguliwi mpaka saa ya kulala. Hiyo ni sheria, na mtoto aijue kabla ya kuondoka, kwa sababu jioni atataka kuvaa sweta akiwa bado anakimbia, alitie jasho, kisha alale nalo likiwa na unyevu.

Chini ya mwili ndiko joto linakotorokea. Tandika katoni zilizofunguliwa, zile za maboksi makubwa ya dukani, tabaka mbili. Juu yake mkeka. Juu yake godoro jembamba kama lipo, au blanketi lililokunjwa. Katoni hazigharimu kitu na zinashinda blanketi la tatu. Wazazi wengi hurundika mablanketi juu ya mtoto na kusahau chini.

Vingine: viatu vilivyofunika vidole na ndala, sahani, kikombe, kijiko, chupa ya maji ya lita moja, tochi, sabuni, mswaki, taulo ndogo, karatasi ya chooni. Wewe ubebe chandarua chenye dawa, kisu, kamba ya meta 15 hivi, kiberiti viwili katika mifuko tofauti, bido (madumu) mbili za lita 20, na sanduku la dawa: bandeji, shashi, plasta, kipimajoto, parasetamoli ya kiasi cha mtoto, chumvi za kurudisha maji mwilini, na dawa zozote mtoto anazotumia kila siku. Simu ya mtoto ibaki nyumbani. Yako izimwe, uiwashe kwa dharura.

Hatua ya 5: Maji

Hapa Lubumbashi hainakili kitabu cha skauti wa nchi nyingine. Kitabu kitakuambia uteke mtoni, uchemshe, unywe. Kuchemsha kunaua vijidudu, kipindupindu kikiwemo. Maji yakitokota kwa dakika moja nzima yanatosha kwa mwinuko wa huku kwetu. Lakini shaba, kobalti na madini mengine hayachemki yakatoka. Mto unaopita karibu na mgodi, kiwanda cha kuyeyushia madini au mahali pa kuoshea mawe haunywewi, hata uchemshwe kutwa, na bukari (ugali) haipikwi kwa maji yake. Chukueni maji kutoka kwa bomba au kisima cha kuchimbwa mnachokijua. Bido moja ya lita 20 kwa siku inamtosha mzazi na mtoto wake kwa kunywa, kupika na kunawa.

Ikiwa maji ni safi kwa macho lakini huna hakika na vijidudu, tumia javel (dawa ya maji ya klorini) ya kawaida isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hivi: matone mawili kwa lita moja, koroga, subiri nusu saa. Maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne.

Kuoga na kuogelea katika bwawa lililotulia lenye matete na konokono, hapana. Kichocho kinaingia kupitia ngozi, na kipo Katanga.

Hatua ya 6: Chakula

Chakula cha Ijumaa usiku kipikwe nyumbani, mfike nacho kwenye chombo kilichofungwa. Watu wengi hubisha hili wakisema kupika ndiyo raha yenyewe. Mngoje mpaka gizani, na kuni mbichi na watoto kumi na wawili wenye njaa, halafu tuzungumze.

Jumamosi ndiyo siku ya kupika. Kwa sizeni ya watoto sita, kilo moja ya unga kwa mlo mmoja wa bukari inatosha, ikibaki kidogo. Mboga iwe lengalenga. Sombe (majani ya muhogo) inataka kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu, na sombe isiyoiva vizuri ni hatari, kwa hiyo iache nyumbani. Kapenta au samaki mkavu haitaki friji. Nyanya, kitunguu, karanga, mafuta katika chupa ndogo. Nyama mbichi usiibebe.

Kusonga bukari juu ya mafiga matatu kuna ujanja wake. Sufuria ikae imara kabisa kabla ya moto kuwashwa. Isukume kwa mkono, ikitikisika panga mawe upya. Mtoto asonge uji mwanzoni, ukiwa mwepesi. Unga ukianza kukaza, watoto wawili washike sufuria kwa vijiti viwili virefu kila upande, na mtu mzima ashike mwiko. Hapo ndipo watoto huungua: bukari inapotokota inarusha matone mazito yanayong'ang'ania ngozi. Suruali ndefu na viatu, si ndala.

Jioni, viazi vitamu vizima kwenye majivu ya moto, dakika 40 hivi kwa vyenye unene wa kawaida, na mkate wa fimbo, ambao watoto hawausahau. Kanda unga wa ngano, hamira, chumvi na maji vuguvugu mchana, uache uumuke. Usiku kila mtoto anachukua donge, analivuta liwe kamba ndefu nene kama kidole, analizungusha kwenye ncha ya fimbo iliyomenywa gome. Fimbo ziwe za mpera, mzikate nyumbani. Usichome mkate kwenye mti wa porini usioujua. Mtoto ashikilie juu ya makaa, si juu ya ndimi za moto, akizungusha polepole. Ukiiva unachomoka wenyewe kwenye fimbo na unabaki na tundu katikati, la kutia asali. Wa kwanza wataunguza nje na kuacha ubichi ndani. Usiwaokoe, wapeni donge lingine.

Hatua ya 7: Ijumaa, fikeni jua likiwa juu

Mwezi wa sita jua linatua kabla kidogo ya saa kumi na mbili jioni, na giza halichelewi. Kufika saa tisa ni vizuri. Saa kumi ni mwisho. Taksi-bisi ya kukodi ikisema itakuja saa nane, hesabu saa tisa.

Hema lisiwe chini ya tawi lililokauka, wala kwenye mkondo uliokauka wa maji. Na vichuguu vyetu vikubwa, virefu kuliko nyumba, vinavutia watoto kuvipanda na wazazi kujikinga upepo. Vingi vina matundu, na kwenye tundu la kichuguu anaweza kuishi yeyote. Kaa mbali nacho hatua ishirini. Upepo wa kiangazi huku hutoka zaidi kusini mashariki, basi mlango wa hema uutazame upande wa pili.

Fyekeni nyasi kulizunguka hema, meta mbili kila upande. Kazi hiyo peke yake inapunguza nyoka kuliko dawa yoyote ya kumwaga.

Hatua ya 8: Choo, na kibuyu chirizi

Choo kichimbwe kabla ya giza, meta 30 au zaidi kutoka kwa maji yoyote, upande ambao upepo hauleti harufu kambini. Kwa siku mbili, shimo la kina cha goti la mtu mzima linatosha, lizungushiwe turubai, na kando yake pakae rundo la udongo uliochanganywa na majivu na kipande cha mti cha kuteka. Kila anayetoka anafunika.

Kibuyu chirizi kijengwe na watoto. Chukua bido ya lita tano yenye mpini. Mtu mzima apashe msumari moto na kutoboa tundu dogo juu, chini kidogo ya shingo, upande usio na mpini. Chomekeni miti miwili yenye panda ardhini, meta moja kwenda juu, lazeni fito juu ya panda, na fito hiyo ipite ndani ya mpini wa bido. Funga kamba shingoni mwa bido, iteremke mpaka kwenye kijiti kilicholala chini. Jaza maji yasifike kwenye tundu. Ukikanyaga kijiti, bido inainama na maji yanachirizika. Ukiondoa mguu, inarudi na maji yanakatika. Sabuni itobolewe na kuning'inizwa kwa kamba pembeni. Hakuna mkono unaogusa bido. Watoto watanawa mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa sababu ya kukanyaga kile kijiti, na hilo ndilo ulilolitaka. Uwe tu na maji ya kujazia.

Hatua ya 9: Moto

Kuni ni zilizokauka na kuanguka zenyewe. Msitu wa miombo unaozunguka mji umekatwa vya kutosha kwa ajili ya makala (makaa ya kupikia), na skauti hakati mti mbichi ili aote moto. Mtoto ajue kuni kwa sikio: kavu inalia kwa mkato ukiivunja, mbichi inapinda.

Ondoa nyasi na majani mpaka udongo mwekundu uonekane, duara la upana wa meta tatu. Bido ya maji na rundo la mchanga vikae pembeni kabla ya kiberiti kuwashwa. Mtoto apange: nyasi kavu ndogo, vijiti vyembamba kama njiti ya kiberiti, vya unene wa kalamu, vya unene wa kidole gumba. Wengi hukimbilia magogo na moto unakufa. Mwache auwashe mwenyewe kwa njiti tatu. Asipofaulu, mwulize anadhani umekosa nini, usimnyang'anye kiberiti. Na asimwage mafuta ya taa wala petroli.

Moshi mkubwa ukionekana kutoka mbali mchana, mtu mmoja apande mahali pa juu aangalie upepo. Ukiwa unakuja kwenu, acheni vitu, nendeni wote kwenye eneo lililokwisha kuungua au lisilo na nyasi.

Sasa jambo ambalo kila mzazi alishike hata akisahau mengine. Baridi ikizidi usiku, mtu atasema waingize mbabula (jiko la makaa) ndani ya hema, kama baadhi ya nyumba zinavyofanya mwezi wa saba. Hapana. Si kwa dakika tano, si "makala yameshakuwa mekundu", si na mlango ukiwa wazi kidogo. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu; aliyelala haamki. Ukiona mzazi mwingine anaibeba mbabula kuelekea hemani, mzuie, hata akiwa mkubwa kwako kwa umri.

Hatua ya 10: Usiku

Mle, mnywe kitu cha moto, mtoto akojoe, abadili nguo zote mpaka za ndani, avae zile za kwenye mfuko uliofungwa. Chupa ya plastiki iliyojazwa maji ya moto kiasi, si ya kutokota, na kuingizwa ndani ya soksi, iwekwe miguuni. Kofia kichwani. Viatu ndani ya hema, vikung'utwe asubuhi kabla ya kuvaliwa. Nge anapenda kiatu. Chandarua kishuke na kuingizwa chini ya mkeka hata kama hujaona mbu.

Akiamka anataka kwenda haja, nenda naye, tochi ikimulika mbele ya miguu, viatu vimevaliwa. Kuna mtoto atakayeuliza sauti ile ni ya nini. Kama ni bundi, mwambie ni bundi. Hadithi za wachawi ziache mjini.

Hatua ya 11: Jumamosi, mambo matatu ya kufanya na mtoto

Mashefu wana programu yao, lakini kutakuwa na saa za wazi. La kwanza ni kivuli. Chomekeni fimbo iliyonyooka ya meta moja mahali tambarare, asubuhi. Mtoto aweke jiwe kwenye ncha ya kivuli. Subirini dakika 20, kivuli kimesogea. Aweke jiwe la pili. Mstari kutoka jiwe la kwanza kwenda la pili unatoka magharibi kwenda mashariki. Asimame jiwe la kwanza likiwa kushoto na la pili kulia: anatazama kaskazini. Saa sita mchana rudini kuangalia, mtaona kivuli kinaelekea kusini, kwa sababu mwezi wa sita jua letu linapita upande wa kaskazini. Vitabu vingi vya skauti kutoka Ulaya vinasema kinyume chake, na havikosei, vimeandikwa kwa upande mwingine wa dunia. Vivyo hivyo na nyota yao ya kaskazini: kutoka Lubumbashi haionekani. Sisi tuna Msalaba wa Kusini, na mwezi wa sita, baada ya chakula cha usiku, umesimama wima upande wa kusini. Urefushe mti wake mrefu mara nne na nusu kwenda chini, kisha shuka wima hadi upeo wa macho: hapo ndipo kusini.

La pili ni alama za njia. Mshale wa vijiti: pita huku. Msalaba: usipite. Duara lenye kijiwe katikati: nimekwenda nyumbani. Sizeni moja inatangulia ikiweka alama, ya pili inafuata baada ya robo saa, watu wazima wawili kwa kila moja.

La tatu ni fundo. Kuunganisha kamba mbili za unene sawa: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Fundo moja likikaa mkononi linatosha kwa wikendi.

Hatua ya 12: Likitokea baya

Nyoka wa kuogopewa zaidi njiani ni bafe, kwa kuwa hakimbii. Analala pale pale, na rangi yake ni ya majani makavu. Mtu akiumwa, aketi, atulizwe, kiungo kifungwe kwenye kijiti kisitikisike, pete na saa zivuliwe, na safari ya hospitali ianze. Usikate, usinyonye, usikaze kamba, wala usipoteze muda kutafuta jiwe jeusi, hata kama nkambo aliliamini. Swila akitema mate machoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au 20, kisha hospitali.

Kuungua: maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si mafuta.

Kuharisha: kama chumvi za pakiti zimekwisha, lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa. Anywe kidogo kidogo. Kuharisha kama maji ya mchele, au kutapika kusikokoma, ondokeni usiku huo huo.

Hatua ya 13: Jumapili na siku zinazofuata

Moto uzimwe kwa maji, ukorogwe, umwagiwe tena, mpaka mgongo wa mkono uguse majivu bila kusikia joto. Choo kifukiwe. Sizeni ipange mstari, watembee wakitazama chini kutoka upande mmoja wa kambi hadi mwingine, waokote kila karatasi na kila ganda la karanga. Mwenye kiwanja aagwe na watoto wenyewe, si kwa bahasha ya wazazi peke yake.

Nyumbani, hema litundikwe siku hiyo hiyo hadi likauke; hema lililokunjwa na unyevu linaoza mishono. Mkague mtoto kupe: nyuma ya masikio, makwapani, kiunoni. Malaria haijitokezi kwa siku mbili. Kwa kawaida huchukua siku 10 hadi 15 tangu kuumwa na mbu, wala si chini ya 7. Kwa hiyo homa ya Jumatatu, hata ikiwa malaria, haitokani na mbu wa kambini, na homa ya wiki mbili au tatu baadaye ipimwe damu siku ile ile, ukimwambia muuguzi kwamba mtoto alilala porini na tarehe yenyewe.